Roho ngumu na ngazi ya vyeo: kutoka Tarime hadi Kampala

Leo nataka tuzungumze juu ya watu wasio na huruma, na kwa nini mara nyingi ndio hao wanaopanda vyeo. Najua ni mada nzito, kwa hiyo kama una chai karibu, isogeze.

Ukitoka Mara ukaja kuishi Dar es Salaam, kuna utani mmoja ambao huna pa kuukimbilia. "Huyo msimuudhi, Mkurya huyo." "Panga umeliacha wapi leo?" Nimeusikia tangu mwaka wa kwanza chuoni na bado nausikia kazini. Huwa nacheka, tunaendelea na kazi. Wala sijisumbui kueleza kwamba mimi si Mkurya, ni Mngoreme wa wilaya ya Serengeti. Kwa mtu wa Dar, Tarime na Serengeti ni kitu kimoja: ng'ombe, mapanga na wanajeshi.

Lakini ukiutazama vizuri, utani ule ni nadharia kamili ya saikolojia. Unadai kwamba kuna watu wanaozaliwa bila woga, bila huruma na bila majuto, na kwamba Mungu aliwamwaga wengi wao kati ya Mto Mara na mpaka wa Kenya. Kisha unaongeza sifa: ndiyo maana wanafaa jeshini. Yaani roho ngumu ni kasoro nyumbani, lakini kazini ni cheti.

Nimejaribu kuipima nadharia hiyo kwa historia. Nimesoma kidogo, nimeuliza wazee, na nasema mapema ninakoelekea: tunahangaika mno na nani amezaliwa na roho ngumu, tunasahau kuuliza nani alimshikia ngazi akapanda.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa wengi wetu saikopati ni yule muuaji wa kwenye sinema. Wataalamu wanamaanisha jambo pana zaidi. Mwaka 1941 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Hervey Cleckley, alichapisha kitabu kuhusu wagonjwa wa ajabu aliowaona hospitalini. Walikuwa watu wa kupendeza, waongeaji wazuri, wenye akili timamu, wasio na wasiwasi. Walidanganya bila kupepesa macho, wakawaumiza waliowapenda, na hawakuona aibu. Tena Cleckley hakuishia kwa wafungwa na walevi. Aliweka sura kuhusu mfanyabiashara, kuhusu mwanasayansi, kuhusu daktari, hata kuhusu daktari wa akili kama yeye mwenyewe.

Baadaye Mkanada Robert Hare, aliyechunguza wafungwa kwa miaka mingi, akatengeneza orodha ya kupimia, na mwaka 1991 akaitoa ikiwa imeboreshwa. Ina vipengele 20: ulimi mtamu, kujiona mkubwa, uongo wa mazoea, kuwachezea watu akili, kukosa majuto, kukosa huruma, pupa, kukwepa wajibu na vinginevyo. Kila kipengele kina alama 0, 1 au 2, kwa hiyo mwisho ni 40. Marekani na Kanada anayefikisha 30 ndiye kwa kawaida huitwa saikopati. Unaona maana yake? Ni kipimo chenye ngazi nyingi, wala si ukuta kati ya watu wema na mashetani. Mimi na wewe tuna alama zetu mbili tatu, tusidanganyane.

Mwaka 2010 Hare na wenzake Paul Babiak na Craig Neumann walichapisha utafiti wa watu 203 waliokuwa wakiandaliwa kwa uongozi katika makampuni. Wengi walikuwa na alama chache sana, au hawakuwa nazo kabisa. Lakini karibu asilimia 4 walifika 30, wakati kwa watu wa kawaida inakadiriwa ni kama asilimia 1. Na hapa ndipo penye utamu: wenye alama nyingi walisifiwa kwa ufasaha na ubunifu, ila kwenye utendaji, kusimamia watu na kufanya kazi na wenzao walionekana dhaifu. Hata hivyo kwenye orodha ya wakubwa wa kesho walikuwamo.

Mtaalamu mwingine wa Marekani, David Lykken, alionyesha kwa majaribio mwaka 1957 kwamba baadhi ya watu hawa hawajifunzi kukwepa maumivu kama wengine. Unawapa shoti ndogo ya umeme kila wanapokosea, hawajali sana. Baadaye Lykken alieleza kwamba shujaa na saikopati wanachipuka kwenye tawi moja. Mtoto asiyeogopa kitu akipata walezi wanaomuweza, atakuja kuwa askari hodari au mzimamoto. Akikosa, ni balaa. Kumbuka hilo la walezi, tutalihitaji.

Haya, twende Tarime.

Wakurya wana koo zao: Wairege, Wanyabasi, Watimbaru, Wakira, Wanchari na nyinginezo. Zamani ukoo ndio uliokuwa nchi ya mtu. Kijana aliyetahiriwa pamoja na saaro yake, yaani rika lake la tohara, alitegemewa kulinda ng'ombe wa ukoo, na pia kwenda kuchukua wa wengine. Aliyerudi na ng'ombe alipokewa kwa vigelegele. Ng'ombe ndio mahari, na bila mahari huna mke, huna mji, huna jina.

Najua msomaji wa Dar ataniambia, si ndiyo hiyo hiyo tunayosema! Ngoja kwanza. Kijana yule yule akiiba ng'ombe wa jirani ndani ya ukoo, mambo yanageuka. Atasimamishwa mbele ya ritongo, mkutano wa jamii, au jambo litafika kwa inchama, baraza la siri la wazee wa mila, ambalo laana yake iliogopwa kuliko mkuki. Ujasiri ule ule ulikuwa na mipaka, na walioichora walikuwa watu waliokula naye sahani moja, wanaojua tangu utotoni alivyowatendea wadogo zake. Sisemi mfumo ule ulikuwa mtakatifu. Kwa Mngoreme au Mmasai aliyeibiwa, huruma ya wazee wale iliishia mpakani. Nasema tu kwamba ulikuwa na macho.

Na si Wakurya peke yao. Mwaka 1976 mtafiti Jane Murphy aliandika juu ya Wayupik wa Alaska, watu wa baridi na barafu, mbali kabisa na sisi. Aliwakuta wana neno lao, kunlangeta, kwa mwanamume anayedanganya, anayeiba, asiyekwenda kuwinda, na wenzake wakiwa mawindoni anawaendea wake zao. Anakemewa, hasikii. Murphy alipouliza zamani mtu huyo angefanywa nini, alijibiwa kwamba pengine mtu angemsukuma kwenye barafu wakati hakuna anayetazama. Kwa Wayoruba wa Nigeria pia alikuta neno lenye maana ya karibu. Kwa hiyo mtu wa namna hii yuko kila mahali, na vijiji vidogo vilimjua mapema kuliko madaktari. Alijulikana kwa sababu aliowaumiza ndio hao hao waliokaa kumhukumu.

Mkoloni alikuja akavuruga mizani hiyo kwa vitu viwili: soko na jeshi.

Soko liligeuza ng'ombe kuwa fedha. Zamani mwizi alilazimika kukaa na ng'ombe wake mbele za watu. Ng'ombe ana rangi, ana pembe, ana chapa, kila mtu anamwona. Sasa mwizi angeweza kumvusha hadi Kenya usiku, akamuuza, akarudi na noti mfukoni. Noti haina chapa ya mtu.

Jeshi nalo likaja na ngazi. King's African Rifles, ile KAR ya wazee wetu, iliwachukua Wakurya wengi. Waingereza walikuwa na imani yao kwamba kuna makabila yaliyozaliwa kwa vita. Mwanahistoria Timothy Parsons, aliyeandika juu ya askari wa kawaida wa KAR, ameonyesha kwamba imani hiyo ilifuata uchumi kuliko damu: kabila lilikuwa "la kivita" pale vijana wake walipokuwa na njia chache nyingine za kupata fedha, na sifa hiyo ilififia walipopata shule na kazi bora. Tarime ilikuwa mbali na reli na mbali na Dar. Mshahara wa askari ulikuwa njia ya uhakika ya kupata ng'ombe wa mahari bila kuviziana porini.

Kwa hiyo ule utani tunaotaniwa mjini si ugunduzi wa mtu wa Dar. Ni tangazo la kazi la Mwingereza, limebaki ukutani miaka mingi baada ya ofisi kufungwa.

Sasa tumtazame mtu mmoja aliyepanda ngazi ya jeshi lile lile. Hakutoka Mara. Alitoka Uganda, akaingia KAR mwaka 1946, na jina lake unalijua: Idi Amin. Mimi si daktari na marehemu hapimwi, kwa hiyo sitampa alama za Hare. Nataka tu tuangalie kila alipopanda, nani alikuwa amesimama chini ameshika ngazi.

Amin alikuwa mrefu, mcheshi, hachoki, na mwepesi wa kutii wakubwa. Alikuwa bingwa wa ndondi Uganda kuanzia 1951 hadi 1960. Maofisa wa Kiingereza walimpenda. Alitumika Kenya wakati wa Mau Mau, akapanda hadi sajenti, na mwaka 1959 akawa effendi, cheo cha juu kabisa alichoweza kufika Mwafrika wakati ule. Mwaka 1961 akawa luteni, mmoja wa raia wawili wa kwanza wa Uganda kupewa uofisa kamili.

Halafu ikaja mapema 1962. Kikosi cha Amin kilipelekwa mpakani mwa Uganda na Kenya, kwa Waturkana, kuzima wizi wa ng'ombe. Umesikia? Wizi wa ng'ombe, jambo lile lile la kwetu. Baada ya operesheni wanakijiji wakalalamika, makaburi yakafukuliwa, na miili ikaonyesha watu walikuwa wameteswa na kuuawa. Wakubwa wa Kenya walitaka Amin ashitakiwe. Gavana wa Uganda, Sir Walter Coutts, akaona ni vibaya kumfikisha mahakamani mmoja wa maofisa wawili weusi miezi michache kabla ya uhuru. Akamuuliza waziri mkuu Milton Obote. Obote akashauri akaripiwe vikali, basi. Coutts alisimulia baadaye kwamba alimwonya Obote kuwa ofisa huyo angeweza kumletea matatizo siku za mbele.

Tazama waliokuwa wakiamua. Gavana alikuwa anafunga mizigo aondoke. Waziri mkuu alihitaji maofisa. Aliyekosekana mezani ni Mturkana. Wale waliojua Amin ni mtu wa namna gani walikuwa kaburini, au walikuwa wafugaji upande wa pili wa mpaka ambao hawakuwa na kura Kampala.

Januari 1964 wanajeshi waliasi Tanganyika, Uganda na Kenya katika siku chache zilizofuatana, wakidai mishahara na vyeo. Hapa historia ilitupa jaribio ambalo hakuna maabara ingeweza kuliandaa. Majeshi yaliyozaliwa na mama mmoja, KAR, yenye kosa moja, mwezi mmoja. Nyerere, baada ya aibu ya kuwaita askari wa Uingereza kuzima maasi, alilivunja jeshi lile. Septemba 1, 1964 ikazaliwa JWTZ, na askari wake wakachujwa upya kupitia vijana wa TANU. Obote alifanya kinyume. Aliwapa askari nyongeza waliyodai, na Amin akazidi kupanda, akawa naibu kamanda wa jeshi.

Mwaka 1966 mbunge Daudi Ochieng alimtuhumu Amin bungeni kwa dhahabu ya Kongo na fedha zilizoingia benki. Bunge likataka asimamishwe kazi achunguzwe. Obote akawakamata mawaziri wake watano na kumfanya Amin mkuu wa jeshi. Mei 24 mwaka huo Amin akaishambulia ikulu ya Kabaka. Alikuwa amethibitisha faida yake: kazi ambayo mwingine angeitafakari mara mbili, yeye aliifanya asubuhi na kucheka jioni. Januari 25, 1971 akamgeuka na Obote mwenyewe. Watu walicheza barabarani Kampala, na Uingereza ikaitambua serikali yake upesi. Nyerere alikataa. Miaka 8 iliyofuata ilimeza watu ambao makadirio ya juu yanafikisha 500,000.

Mtu atasema, basi KAR ilikuwa inazalisha watu wa namna ile. Hapana. Chukua Mzee David Musuguri, wa Butiama, mkoa wetu huu huu wa Mara. Aliingia KAR mwaka 1942, akapigana Madagascar, akawa mkufunzi Kenya, na huko ndiko alikokutana na Amin. Naye hakuwa na shule kubwa, naye alikuwa askari mgumu. Mwaka 1979 aliongoza Divisheni ya 20 iliyoingia Uganda na kuyavunja majeshi ya Amin, na Kampala ikaanguka Aprili 11. Akawa mkuu wa majeshi kuanzia 1980 hadi 1988, akamkabidhi Jenerali Ernest Mwita Kiaro, na jina la Mwita msomaji wa Mara halihitaji kufafanuliwa. Musuguri akarudi kwao Butiama, akaishi kwa utulivu hadi alipofariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Amin alikufa Jeddah, Agosti 16, 2003, bila kusimama mbele ya hakimu hata siku moja.

Sisemi JWTZ ilikuwa ya malaika. Vita vile vilirudi nyumbani na bunduki, na hapo ndipo ngazi ya Amin ilipofika hadi zizi la babu yangu.

Mwanaanthropolojia Michael Fleisher, aliyefanya utafiti Tarime katikati ya miaka ya 1990, ameeleza jinsi jeshi na wizi wa ng'ombe vilivyolishana: mshahara wa askari uliongeza ng'ombe, ng'ombe wakapandisha mahari, mahari ikawasukuma vijana kwenye wizi, na ujuzi wa jeshini ukarudi porini. Baada ya vita vya 1978 na 1979 silaha za moto zikazidi. Miaka ya 1980 wafugaji wengi wa Serengeti walifilisika. Watu waliolala matajiri waliamka maskini.

Ng'ombe wa babu walichukuliwa usiku mmoja, kabla mimi sijazaliwa. Nimekua nikisikia habari hiyo. Wezi walikuja na bunduki, wakajua zizi liko wapi, wakajua mbwa amefungwa, wakajua vijana wa boma wamekwenda mnadani. Asubuhi majirani wakaja kutoa pole. Mmoja wao alikaa na babu siku nzima, akamshika mkono, akalia naye. Mtu wa maneno mazuri sana, bibi anasema. Miaka ikapita, mmoja wa wezi akaugua, akaona kifo, akaungama. Aliyewapa ramani ni yule jirani aliyelia.

Nilipomuuliza baba mzee yule alikuwa mtu wa aina gani, alinijibu kwa kifupi: "Alikuwa hana shida na mtu." Halafu akaniambia jambo lililonikosesha usingizi. Kabla hajaungamiwa, jirani yule alikuwa amekwishapewa uongozi. Wageni kutoka mjini walikuja kutafuta mtu wa kushika nafasi fulani, wakamsikiliza akiongea, wakampenda. Kijijini palikuwa na minong'ono tayari, lakini hakuna aliyeulizwa. Na hata angeulizwa, nani angethubutu?

Sasa linganisha watu wawili hawa: kijana aliyeshika bunduki na jirani aliyeshika mkono wa babu. Juu ya vijana wa namna ya kwanza tuna ushahidi. Mwaka 2004 Fleisher na mwenzake Garth Holloway walichapisha uchambuzi juu ya vijana wa Kikurya na wizi wa mifugo. Waligundua kwamba kinachohusika sana ni dada. Dada akiolewa, mahari yake ndiyo inayomwoza kaka. Kijana mwenye kaka wengi na dada wachache wa tumbo moja alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuingia kwenye wizi. Fikiria! Tunamwita mtu katili wa kuzaliwa, kumbe amekosa dada. Sitetei wizi, babu yangu alikufa hana ng'ombe. Ila mtu mwenye shida akapata njia mbaya ni tofauti na mtu asiye na shida yoyote anayekuuza huku anakufuta machozi.

Wa pili huyo hana kabila. Hakuwa Mkurya, alikuwa wa kwetu. Nimewahi pia kukutana na mfano wake mjini, ndani ya suti, katika ofisi ambayo sitaitaja: mkubwa aliyekuwa akituita "wadogo zangu", aliyechukua habari za wenzake akaweka jina lake, aliyemfukuzisha dada mmoja mjamzito kwa kumsingizia kosa, na mchana akachangisha fedha za kumwaga. Alitoa mchango mkubwa kuliko wote. Wenye kampuni walimwona ni kiongozi mwenye moyo. Walikuwa wanamwona kwenye vikao tu.

Unaona uzi unavyopita? Kutoka kwa Coutts hadi kwa wale wageni wa mjini hadi kwa wenye kampuni, kosa ni moja. Aliyetoa cheo alimjua mtu kwa ulimi wake, wakati waliomjua kwa matendo walikaa nje ya mlango. Utafiti wa 2010 ulikuta jambo hilo hilo kwa lugha ya tarakimu: wanang'aa kwenye maneno, wanapwaya kwenye kazi ya watu, na bado wanateuliwa.

Wapo wanaosema siku hizi kwamba tuige kidogo tabia za kisaikopati, eti ndizo zinazoleta mafanikio: usiogope, usijali watu, songa mbele. Kuna vitabu vya namna hiyo na semina za hotelini. Mimi nasema wamechanganya vitu viwili. Kutokuogopa kunasaidia, hilo Musuguri amelionyesha na Lykken amelieleza. Kutokujali watu kunamfaidi mtu mmoja kwa muda, na gharama yake inalipwa na Mturkana, na babu, na dada aliyefukuzwa akiwa na mimba.

Nchi yetu ilijaribu kurudisha yale macho ya kijijini. Sungusungu walianza kwa Wanyamwezi na Wasukuma mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakafika hadi huku kwetu, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Wezi waliopona kwa hakimu hawakupona kwa watu waliowajua. Lakini sungusungu nao walipiga watu, wakatesa, na mahali pengine kiongozi wao akawa ndiye yule yule mtu wa kuogopwa. Kwa hiyo sikwambii turudi kwenye laana na viboko, wala kumsukuma mtu kwenye barafu. Jicho la jamii bila sheria nalo linaweza kupofuka.

Kinachowezekana ni kidogo na kigumu. Kabla ya kumpa mtu cheo, waulizwe waliokuwa chini yake, kwa siri, na majibu yao yawe na uzito kuliko usaili. Katibu muhtasi, dereva, mfagizi, mwanafunzi wa mazoezi, hao ndio wanaomwona mkubwa akiwa hana sababu ya kujifanya. Mkubwa mwenye uso mmoja juu na mwingine chini hujulikana kwao ndani ya wiki mbili.

Na sisi tunaoulizwa, tuseme. Hapa ndipo tunapoanguka. Tunaombwa barua ya kumsifia mtu tunayemjua vizuri, tunaandika "ni mchapakazi na anashirikiana na wenzake", kwa sababu tunataka aondoke tu, akawe shida ya wengine. Obote naye alisema akaripiwe, yaishe. Haikuisha. Ilizunguka kwa miaka 17, ikavuka Kagera, ikaingia Serengeti usiku na bunduki.

Alamsiki, ndugu msomaji. Siku ukiulizwa juu ya mtu anayetaka kupanda, na wewe ndiye uliyekuwa chini yake, usiseme hana shida na mtu.